Nilimwambia Daktari Hapana

Uvira, mtaa wa Kimanga
Jumamosi, saa tisa ya mchana

Mwanangu Sifa,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa korali ya kanisa, na umesema hutarudi mbele ya saa kumi na mbili. Basi nina saa tatu. Nimeufunga mlango kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nimeketi mezani upande wako kwa sababu upande wangu jua linanipiga machoni, na nimeanza.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za sabuni, wala za kutokukaa ukingoni mwa meli. Hayo shangazi yako Vumilia ameyasema tangu Jumatatu, na yale aliyoyasahau atayasema kesho asubuhi kule bandarini Kalundu mbele ya wachukuzi wote. Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa wewe na mimi tumezoea kuachiana vikaratasi vya Kifaransa hapa mezani. Kifaransa ndicho ninachowaadhibia watoto wa watu kila siku. Kwa jambo hili nimetaka lugha ambayo mama yako alikuwa ananigombeza nayo.

Ni jambo la tumbo. Usiikunje barua. Najua hatujawahi kulizungumza sawasawa, na kosa hilo ni langu.

Utaikumbuka ile asubuhi ya interro, jaribio la hesabu. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Tumbo lilikuwa limekuanza mwaka mmoja kabla, na tulikwisha kuzunguka dispanseri zote za mjini. Ya kwanza ilisema amiba, ya pili ikasema minyoo, ya tatu ikasema tifoidi, na kila moja ilitufungia vidonge vyake kwenye karatasi. Ulivimeza vyote. Siku nyingine ulikuwa unakwenda chooni mara tano kabla ya kuvaa viatu. Wiki nyingine huendi kabisa, unatembea umejishika kiuno kama bibi kizee. Nami nilikuwa nimeanza kusema, tena mbele za watu, kwamba tumbo lako linajua kusoma ratiba ya masomo.

Pale masomoni kwenu direkta wa disiplini, msimamizi wa nidhamu, ni mimi, na ufunguo wa vyoo ulikuwa unakaa kwangu. Saa mbili za kwanza vyoo vilifungwa, kwa sababu wavulana walikuwa wanajificha mle kukimbia interro. Sheria hiyo hakuileta prefe, mkuu wa shule, wala serikali. Niliitunga mimi.

Mwalimu wako alikutuma kwangu. Nilikuwa mlangoni mwa ofisi, na wavulana watatu waliochelewa walikuwa wamepiga magoti kwenye changarawe. Ulikuja unatembea taratibu, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani na hataki tone lianguke.

"Monsieur, ninaomba ufunguo."

"Sasa iko saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu, Monsieur. Ni tumbo."

"Ile tumbo yako inajuaka siku za interro?"

Wale wavulana wakacheka. Ulisogea karibu, ukashusha sauti.

"Papa, nakuomba."

"Hapa hakuna papa. Sheria ni ya bote. Rudia darasani."

Ukanitazama. Juu ya mdomo wako kulikuwa na jasho, vitone vidogo vidogo, na asubuhi ile kulikuwa na baridi, mvua ilikuwa imeshuka milimani. Niliuona mdomo wako ukipoteza rangi. Uligeuka ukaenda upande wa darasa, nami sikufuatilia kama umefika. Mwalimu wako aliposema hukurudi, nikaandika kwenye daftari kwamba mwanafunzi ameondoka bila ruhusa. Niliandika jina lako lote, na jina langu likiwa ndani yake.

Kisha zikaja zile wiki mbili ambazo hukutoka nyumbani. Ulilala umeelekea ukutani. Nilipokuuliza ulisema, "Siumwi." Nilipokukemea ulisema, "Ndiyo, papa," ukaendelea kulala. Sikujua la kufanya na mtoto ambaye hakatai wala hakubali, basi nikampigia dada yangu simu kule Sange. Shangazi yako akashuka na gunia la mchele na maneno yake.

"Kaka, mutoto wa kike anakimbia masomo, anasema tumbo, hataki kula. Weye mwalimu, haujue kuhesabu?"

Alikupeleka kupimwa mimba bila kuniambia. Hapana, niseme ukweli, maana ndiyo sababu ya kuandika: aliniambia, nami nikatazama pembeni. Mimba haikuwepo. Akakupeleka kwenye chumba cha maombi. Wakakufungisha siku tatu, wakakuwekea mikono tumboni na kupiga kelele, toka, toka. Kwa siku tatu tumbo likatulia, kwa kuwa halikuwa na kitu ndani. Wote wakashangilia, na mimi nikapiga makofi pamoja nao. Siku ya nne ulikula maharagi, ukashinda chooni mpaka jua likazama upande wa milima. Wakasema imani yako ni ndogo. Hukumjibu mtu. Nakumbuka ulipita karibu nami ukiwa na ndoo ya maji, ukasema tu, "Samahani, papa." Wewe ndiye uliyeniomba mimi samahani.

Aliyenifumbua macho ni Mama Feza, yule anayefagia pale masomoni na kuchota maji. Alikuja ofisini siku ya Jumatatu, akafunga mlango mwenyewe.

"Monsieur, niko na neno, lakini usinikasirikie."

"Sema, mama."

"Ile siku mutoto wako hakutoka namna ile unasema. Alikuja kwangu kule nyuma, kwenye kuko tanki ya maji. Alikuwa amechafuka mpaka ku viatu. Nilimusafisha miye, na hii mikono yangu. Nikamupatia kitenge yangu ajifunge, akapita ku njia ya mtoni, watu wasimuone."

Nililifunga daftari lililokuwa mbele yangu.

"Akasema, mama Feza, usimuambie papa. Nikanyamaza. Lakini sasa nasikia banasema iko na mimba. Ile siwezi kunyamaza."

"Na kitenge?" nikauliza. Mpaka leo sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Alinirudishia. Alikifua, akapiga na pasi."

Alipotoka niliketi mpaka kengele ya mapumziko, na watoto waliogonga sikuwafungulia. Nilikuwa nakuona unavyopita njia ya mtoni, peke yako, na kitenge cha mama mwingine, halafu unafika nyumbani, unafua, unatafuta makaa ya kuweka kwenye pasi. Na saa ile ile mimi nilikuwa napiga mstari mwekundu chini ya jina lako.

Jioni nilikuja nikakuambia, "Kesho tunaenda hospitali." Hiyo ndiyo samahani niliyokuomba. Nilidhani umeielewa. Siku hizi sina hakika.

Yule daktari ulimpenda, niliona. Msichana mdogo, miwani mikubwa, alikuuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameuliza: maumivu yanakuja saa ngapi, yanapungua ukishatoka chooni, maziwa yanakufanyaje, siku ya mtihani inakuwaje. Hakuniuliza mimi kwanza. Vipimo vilipotoka aliviweka mezani.

"Hakuna minyoo, hakuna kidonda. Utumbo wako unasikia kila kitu kwa nguvu sana: chakula, woga, hata furaha. Hii haiko ya kuua. Lakini inaweza kukaa na weye muda murefu, na unaweza kujifunza kuishi nayo."

Uliuliza, "Nitapona lini?" Naye hakukudanganya. Alisema hajui. Kisha akanigeukia.

"Papa, ndani ya familia kuko mutu mwingine anateswa na tumbo namna hii? Mara nyingi inatembea ndani ya familia."

Wewe ulikuwa pembeni yangu. Uligeuza kichwa, ukaningojea.

Nikasema, "Hapana."

Sifa, nilidanganya.

Mimi nilianza nikiwa na miaka kumi na mitano, interna, mwanafunzi wa bweni, kwenye masomo ya misheni kule milimani. Kila jioni tulikula bugali na maharagi, na asubuhi yale maharagi ya jana. Vyoo vilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira, mashimo sita bila milango. Tumbo lilikuwa linanishika kama mkono unaokamua nguo, na nilikuwa nakimbia uwanja mzima mbele ya wote. Wakaniita Ambulansi. Nikisimama darasani tu, mmoja anaanza kulia kama king'ora kwa sauti ndogo, na wengine wanapokea. Hata mwalimu wa dini alicheka siku moja.

Nikajifunza kutokula. Sikula kabla ya darasa, sikula kabla ya ibada, sikula nikijua kuna safari. Siku ya pili ya mtihani wa serikali nilikuwa sijala tangu jana yake, na bado likanishika. Nikaomba kutoka. Msimamizi akaniambia nikitoka, karatasi inabaki. Niliweka kalamu chini nikatoka, na ule mwaka ukapotea. Nyumbani nilisema ilikuwa malaria.

Mwaka uliofuata nilikataa kurudi kule. Nilishuka hapa Uvira, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amesikia lile jina. Nilifaulu kwa shida, nikawa mwalimu, baadaye wakanipa disiplini. Hakuna tena aliyejua. Niliona nimeshinda.

Sasa utaelewa kwa nini sijalala vizuri tangu siku ile uliponiambia, umesimama pale mlangoni na fomu za masomo ya masista kule Kalemie mkononi, "Papa, ninataka kwenda kwenye hakuna mutu ananijua." Nilitia sahihi. Sikuwa na haki ya kukukatalia. Na sikuandikii ili kukuzuia leo. Valizi zimefungwa na nauli ya meli imelipwa. Nataka tu umjue mtu mwingine aliyekwenda mahali asipojulikana, na alivyokaa huko.

Siku ya kujitambulisha kwa wazazi wa mama yako, kule Kavimvira, nilifika na wazee wangu wawili. Tumbo lilikuwa limeniamkia tangu alfajiri. Bibi yako alikuwa amepika siku mbili: sombe ya majani ya muhogo na karanga, samaki mukeke wa kukaanga na pilipili, maharagi, bugali mweupe, maziwa kutoka kwa wafugaji wa milimani. Wakaleta maji ya kunawa. Nikanawa. Kisha sikugusa kitu. Walinibembeleza, nikasema nimeshiba. Nikatoa chupa yangu ya maji mfukoni nikanywa.

Wewe umekulia hapa, unajua mtu anayefika nyumba ya watu na kunywa maji yake mwenyewe amesema nini. Sikulifikiria hilo mpaka nilipoona watu wote wanaitazama chupa. Mambo ya sumu, kila mtu katika mji huu ana hadithi yake. Bibi yako alisimama, akavuta sahani yangu, akala mbele yetu sote tonge moja la kila kitu, polepole, akinitazama machoni. Sombe, samaki, maharagi. Akanywa maziwa. Akairudisha sahani mbele yangu, akaingia ndani, na hakutoka tena.

Neno moja lingetosha. Mama mkwe, tumbo langu ni bovu. Watu wangecheka, wangenipa pole, wangenionyesha choo. Nililishika mdomoni, na yule mvulana wa mashimo sita akanifunga midomo.

Tulifunga ndoa. Bibi yako hakunipikia tena. Mama yako aliniuliza mwaka wa kwanza, tukiwa hapa jikoni.

"Unawaza mama yangu iko mulozi?"

"Hapana."

"Basi juu ya nini ulikataa?"

"Sikuwa na njaa."

"Na hapa kwangu? Kila mara unaacha nusu. Na hapa pia haukuwaka na njaa?"

Nilisema nina mawazo ya kazi. Miaka minane nilikuwa na mawazo ya kazi. Alikuwa anapika vizuri, Sifa, majirani walikuwa wanajua kwa harufu. Alikuwa ananiwekea chakula, kisha anakwenda kukaa nje, asinione ninavyokiacha. Homa ilipomchukua ulikuwa na miaka sita. Kuna siku moja hospitalini alipata nguvu kidogo, akaomba uji, akala, akaniambia, "Kula na weye, ni uji tu." Nikala wote. Akacheka, akasema, "Kumbe unajua kumaliza." Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie. Muuguzi akaingia na dawa. Na baada ya pale hatukupata tena wakati wa wawili.

Ndiyo maana bibi yako hakanyagi nyumba hii, na unapokwenda kwake ninakuacha barabarani. Uliniuliza mara nyingi. Nilikuwa nasema ni mambo ya wakubwa.

Turudi kwako. Ile wiki ya hospitali nilikwenda nikaondoa kufuli kwenye vyoo. Prefe alisema wavulana watajificha mle siku za interro, na kweli wanajificha. Nawaendea, nawatoa, maisha yanaendelea. Lakini kufuli lilikuwa jambo rahisi. Jambo gumu lilikuwa lile la kukaa nawe mezani. Nilikuona unavyojifunza. Uliacha maziwa, ukapunguza maharagi, ukagundua kwamba ndagala wa kukaanga wanakusumbua na wa kuchemsha hawakusumbui. Ulianza kuamka mapema ili tumbo lipate muda wake. Ulikuwa unaandika kwenye kale kadaftari alikokuambia daktari, na mimi nilikuwa nakasoma ukiwa umetoka. Nisamehe. Nilikuwa nakasoma ili nijifunze. Nimeacha pilipili kwa sababu ya ukurasa wako, na wewe ulidhani ni uzee.

Kuna asubuhi nyingi nilikuwa nasimama pale uani, nakungojea utoke chooni, na wewe ulipotoka ulikuwa unainamisha kichwa, ukidhani nimekuja kuhesabu dakika. Mwanangu, nilikuwa nangojea zamu yangu.

Na uliporudi masomoni, nilikufuatilia kwa dirisha la ofisi. Nilifikiri utafanya kama mimi, utaacha kula, utajifunza kutembea bila kuonekana. Lakini siku ya tatu au ya nne nilikuona na Espe, yule unayekaa naye benchi moja, mmeketi kwenye ngazi. Ulikuwa unamweleza kitu, unashika tumbo, unaonyesha kwa mikono. Espe alikuwa amefungua mdomo. Nilitaka kutoka nikuzuie, nikijua king'ora kitaanza kesho yake. Kisha Espe akasema neno, na ninyi wawili mkacheka mpaka mkaegemeana. Tangu siku ile, ukiinuka darasani yeye anainuka pia, anamwambia mwalimu kwamba yeye ndiye anayeumwa. Mwalimu wa jiografia aliniletea mashtaka: wasichana wawili wanaumwa tumbo dakika ile ile. Nilimwambia awaache.

Nilikuonea wivu, Sifa. Ni aibu kwa baba kuandika hivyo. Nilirudi kwenye kiti changu na nilikuwa na miaka arobaini na minane, na sikuwa na Espe.

Wiki hii, siku ya Jumatano, nilikwambia nina mkutano. Hapakuwa na mkutano. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kavimvira. Bibi yako alikuwa anachambua mchele mlangoni. Hakuinuka, lakini alisukuma kiti kwa mguu wake, nami nikakaa. Nilimweleza yote, kuanzia interna. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu mambo hayo kwa sauti, na maneno yalitoka vibaya, mengine nusu. Aliendelea kuchambua. Nilipofika kwenye ile sahani, mikono yake ikasimama.

"Miaka yote ile, mukwe? Juu ya tumbo?"

"Ndiyo, mama."

"Ungesema tu," akasema. "Ningekupikia uji."

Akairudia mara mbili, hivyo hivyo, ningekupikia uji. Kisha akalia, nami sikujua niweke wapi mikono yangu. Akasema binti yake alikuja kwake mara nyingi kumwuliza, mama, ulimukosea nini bwana yangu. Na yeye hakuwa na jibu, basi akawa anamfukuza. Akasema hilo hawezi kunisamehe leo. Nikamwambia sikuja kwa sababu ya kusamehewa leo.

Alinisindikiza mpaka barabarani, tuko mbali mbali kidogo. Pikipiki ilipokuja akauliza, "Mutoto anajua?"

"Bado."

"Muambie mbele ya kwenda. Weye ulimunyima mama yake lile neno. Usimunyime na yeye."

Basi, nakuambia. Tumbo ulilo nalo umelitoa kwangu. Si woga wako wa hesabu, si imani ndogo, si mtu aliyekutupia neno. Babu yako pia, sasa nikifikiri, alikuwa anatoka kanisani kila Jumapili katikati ya mahubiri, na sisi watoto tulidhani anakwenda kuangalia ng'ombe.

Na ile asubuhi mlangoni mwa ofisi, mimi sikuwa mtu asiyejua. Jasho lile juu ya mdomo nalijua, limenitoka mimi miaka thelathini na zaidi. Nilijua zimebaki dakika ngapi. Wavulana walipocheka, nilisikia king'ora, na nikaogopa kama mvulana kwamba nikikupa ufunguo haraka mno, mtu atajiuliza nimejuaje. Nimeitafutia nafsi yangu sababu nyingine nikaikosa. Nilikuacha peke yako ili mimi nisionekane.

Sijui utakavyofanya huko Kalemie. Masista watakuwa na sheria zao na kufuli zao, na maharagi yatakuwepo, hilo nakuhakikishia. Utakuwa kwenye bweni la wasichana arobaini, na kila asubuhi utaamua kama kuna atakayejua. Huenda hutampata mtu kama Espe mwezi wa kwanza, wala wa tatu. Siwezi kukuambia upweke huo utaisha lini, wangu haukuisha. Lakini wewe ulikwisha kufanya, ukiwa na miaka kumi na minne, kwenye ngazi, jambo ambalo mimi nimelifanya Jumatano iliyopita.

Mimi nitabaki hapa. Kuanzia keshokutwa nitapika bugali wa mtu mmoja, na sijui kipimo chake. Nitakosea siku za kwanza, nitawapa kuku wa jirani. Bibi yako amesema nipite kwake kesho, Jumapili, baada ya ibada. Hakusema nitakula. Nitakwenda.

Ukiniandikia, usiniandikie kwamba uko salama na masomo yanaendelea vizuri. Niandikie tumbo. Niandikie umekula nini, umeamkaje, umekimbia mara ngapi, nani amecheka. Mimi nitakujibu ya kwangu. Hakuna mtu mwingine katika nchi hii ninayeweza kumwandikia barua za namna hiyo, na nadhani hata wewe huna.

Saa kumi na moja na nusu. Nasikia sauti yako kwa jirani, unamuaga mama wa watu na yeye hataki kukuachia mkono. Nilikuwa nimepanga kuiingiza barua hii chini ya nguo ndani ya valizi, uifungue ukiwa umefika mbali, katikati ya ziwa, na mimi nisiuone uso wako. Sitafanya hivyo. Ukiingia nitakupa mkononi, nami nitaketi upande ule wa jua. Soma polepole. Sina pa kwenda.

Papa yako